Lusini, desmodi na dawa ya magugu: majibu kwa wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini

Mvua za kwanza zikishuka tu huku kwetu, maswali yanayoingia kwenye safu hii yote yanageuka kuwa ya palizi. Safari hii yamekuja na sura moja: wafugaji wanauliza kuhusu dawa za magugu kwenye malisho ya jamii ya kunde, wengine wameshaunguza shamba tayari, wengine wamesikia kuna mbegu inayovumilia dawa na wanaitaka. Nimechagua maswali matano. Mawili ya kwanza nimeyajibu kwa kirefu maana ndio yamebeba uzito. Lusini ninayoisema humu ni ile fupi ya maua ya zambarau ambayo wengi mnaiita alfaalfa, sio ule mti wa mlusina.

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama mfugaji wa Kiwira, nina ng'ombe watatu wa maziwa na robo ekari ya lusini. Palizi ya mkono inanimaliza, vibarua wote wako kwenye chai. Dukani wameniambia nipulizie tu glaifoseti, eti magugu yatakufa na lusini itachipua yenyewe. Kijana wangu nae kasoma kwenye simu kwamba Marekani kuna lusini unaipulizia dawa na haifi. Ni kweli? Na mbegu yake naipataje? Ndaga fijo.

JIBU: Marahaba mama, pole sana na kazi. Kijana wako yuko sahihi, lusini hiyo ipo, lakini tafadhali usichukue bomba. Lusini iliyopo shambani kwako sio hiyo, na glaifoseti haichagui, ikishagusa jani inashuka na utomvu mpaka mizizini na mpaka kwenye kile kichwa cha shina pale chini ambapo lusini inachipulia kila ukikata, kwa hiyo mashina mengi hayatarudi na yatakayorudi yatarudi yamedhoofu. Ushauri wa dukani usiufuate kabisa.

Sasa hiyo ya Marekani. Glaifoseti inaua mmea kwa kuziba enzimu moja inaitwa EPSPS, ambayo mmea unaitumia kutengeneza baadhi ya vijenzi vya protini. Ukipulizia leo, kesho utaona kama hakuna kilichotokea, alafu baada ya siku kadhaa vichomozo vichanga vinaanza njano na mmea unakwenda. Wanasayansi walipata bakteria mwenye enzimu ya kazi hiyo hiyo ila umbo lake glaifoseti haiwezi kulishika, wakachukua jeni la huyo bakteria wakaliingiza kwenye soya, pamba, mahindi na baadae kwenye lusini. Ya lusini ilitolewa na Monsanto pamoja na Forage Genetics kwa jina la Roundup Ready, na serikali ya Marekani iliikubali mwaka 2005. Wakulima wa mbegu na watu wa mazingira wakaenda mahakamani, 2007 jaji akasimamisha upandaji mpya, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu 2010, na Januari 2011 wizara yao ya kilimo ikairuhusu tena.

Ugomvi ulikuwa na msingi wake. Lusini inategemea nyuki kuchavushwa, na nyuki hajui mpaka wa shamba, alafu huu ni mmea wa kudumu, unakaa miaka, unaota wenyewe kando ya barabara na kwenye mitaro. Mtu anaeuza mbegu au majani makavu kwa mteja asiyetaka GMO, yaani mimea iliyoingizwa jeni la kiumbe kingine, anaweza akakuta jeni limeingia shambani kwake bila yeye kupanda chochote. Kwa mahindi unapanda upya kila msimu, ukitaka kubadilisha mbegu unabadilisha. Lusini ikishasambaa imesambaa.

Huku kwetu mbegu hiyo huwezi kuipata kihalali. Tanzania haijaruhusu mbegu za GMO kwa wakulima, na hata majaribio ya mahindi pale Makutupora, Dodoma, yaliyoanza 2016, serikali iliyasimamisha 2018. Ukikuta mtu mtandaoni anauza pakiti ya lusini ya raundapu, hela yako ibaki mfukoni.

Na nikuambie ninavyoona mimi, hata ingeruhusiwa isingekuwa jibu la robo ekari ya Kiwira. Mkulima wa Marekani ana mamia ya ekari za lusini tupu. Wewe pembeni una majani ya Guatemala, una matete, una maharage ya jirani, na dawa inapeperuka. Alafu kuna jambo la udongo ambalo nadhani ndio chanzo hasa cha magugu yako: udongo wa huko kwenu Rungwe kwa mvua ile ni wa tindikali, na lusini inataka pH (kipimo cha tindikali ya udongo) ya karibu 6.5 na kuendelea. Kwenye tindikali vile vinundu vya mizizini havifanyi kazi vizuri, lusini inakuwa njano na fupi, inaacha nafasi wazi, na nafasi wazi ndio magugu yanaitaka. Pima udongo, weka chokaa ya kilimo miezi kadhaa kabla ya kupanda au kupandikizia, panda kwa mistari ili jembe lipite katikati, na palizi yako yote ya nguvu iweke kwenye ile miezi miwili ya mwanzo maana lusini changa inakua taratibu mno. Ikishafunga ardhi, kukata kwenyewe ndio palizi: kata maua yanapoanza tu kuchanua, acha kisiki cha vidole vitatu vinne hivi, na kishonanguo na mchicha pori vingi haviwezi kushindana na kukatwa mara kwa mara kama inavyoweza lusini.

Ila kijana wako asiishie hapo kusoma, maana GMO sio njia pekee. Huko huko Marekani, Chuo Kikuu cha Florida walichukua klova nyekundu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, wakaupulizia 2,4-D, dawa ya kuua magugu ya majani mapana, wakachagua miche iliyosalimika, wakaiacha ichavushane yenyewe kwa yenyewe, wakavuna mbegu, wakapulizia tena kizazi kilichofuata, na kuendelea hivo mpaka wakapata klova inayovumilia dawa ile kuliko klova ya kawaida. Wenzao wa Kentucky wakaitumia kutengeneza aina yao inaitwa UK2014. Hakuna jeni lililoingizwa, ni uchaguzi tu wa shambani, uvumilivu na miaka. Lakini hata hiyo bado inaweza kujikunja majani kidogo ikipigwa, tofauti yake ni kwamba inanyanyuka tena.

SWALI: Habari za kazi. Niko Mbozi, nalima mahindi na nina mbuzi na ng'ombe. Mahindi nilipanda mwezi wa kumi na mbili nikapiga dawa ya kuzuia magugu yenye atrazini, kipimo nilizidisha kidogo maana magugu ya shamba lile yana kichwa kigumu. Nikavuna mabichi, mwezi wa nne nikapanda fiwi (kunde ya malisho) na kipande cha lusini kwa ajili ya mifugo. Zimeota vizuri kabisa, alafu baada ya kama wiki mbili majani yanakuwa njano pembeni na kukauka kama yamepitiwa na moto. Mbegu ilikuwa mbovu?

JIBU: Hapana ndugu yangu, mbegu ilikuwa nzima, na ushahidi ni kwamba imeota vizuri. Ulivyoeleza ndivyo atrazini inavyofanya hasa. Haizuii mbegu kuota. Mche unaishi kwa akiba iliyoko kwenye mbegu, ukishaanza kunywa maji ya udongo kwa mizizi dawa inapanda nayo mpaka kwenye majani na kuziba kazi ya jani kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Ndio maana madhara yanaonekana baada ya majani ya kweli kutoka, na yanaanzia kwenye yale ya chini, pembeni kwenye ncha, kuingia ndani.

Jifunze kutofautisha, itakusaidia. Kama ingekuwa 2,4-D imepeperuka kutoka kwa jirani, shina lingejipinda kama limenyongwa na majani yangejikunja kama kikombe. Kama ingekuwa dawa za kundi la sulfonilurea, kama ile nikosulfuroni inayopigwa kwenye mahindi yaliyokwisha ota, mche ungedumaa, majani machanga ya juu ndio yangekuwa njano kwanza, na ukiung'oa unakuta mizizi mifupi isiyo na matawi. Ya kwako imeanza chini na pembeni.

Atrazini kwenye udongo inaisha taratibu, kwa wastani kama miezi miwili ndio nusu yake inapungua, na ukizidisha kipimo ndio umeongeza miezi. Udongo wa tindikali na wenye joto na unyevu unaivunja haraka zaidi, udongo mkavu au wenye chokaa nyingi unaichelewesha. Mahindi yenyewe hayaumii kwa sababu yana uwezo wa kuisaga dawa hiyo ndani ya mmea kabla haijafika kazini. Fiwi na lusini hazina uwezo huo wa kutosha.

Kabla hujatia tena mbegu ya hela kwenye kipande kile, fanya jaribio la makopo. Chukua udongo sehemu tano sita za shamba, wa kina cha kiganja hivi, uchanganye. Chukua mwingine sehemu ambayo haijawahi kupigwa dawa, labda chini ya ua au karibu na nyumba, ila uwe udongo wa aina ile ile. Toboa makopo chini maji yatoke, jaza mawili matatu kwa kila udongo, panda mbegu kumi kumi za lusini au fiwi, weka mahali penye jua la kutosha maana kivulini atrazini haionyeshi makali yake, mwagilia sawasawa. Usihukumu siku zinapoota, subiri wiki tatu mpaka majani ya kweli yawe mawili matatu. Kama makopo ya shambani yanaungua pembeni na yale ya uani yako kijani, bado. Rudia baada ya muda. Kopo halikuambii ni dawa kiasi gani, linakuambia kama mmea unaotaka kupanda utapona, na hicho ndicho unachotaka kujua.

Hapa ndipo nina jambo ninaloliamini kabisa na nataka lisomwe na watu wa utafiti pia. Wenzetu wa Australia Kusini walikuwa na shida ya kufanana na yako. Wao wanalima ngano, na kwenye ngano wanapiga sulfonilurea, na udongo wao mwingi una chokaa na mvua ni kidogo, kwa hiyo dawa inabaki ardhini msimu hadi msimu. Malisho yao ni mediki, ndugu wa damu wa lusini kabisa, jenasi moja ya Medicago. Mediki ilikuwa inaota msimu unaofuata inadumaa na kufa kwa masalia tu ya dawa. Taasisi yao ya utafiti wa kilimo, SARDI, ikachukua aina moja inaitwa Herald, wakaloweka mbegu kwenye kemikali inayobadilisha jeni ovyo ovyo hapa na pale, wakapanda, wakapulizia, wakatafuta iliyobaki hai. Ikapatikana moja wakaiita Angel. Baadae kwa aina nyingine ya mediki wakatoa Sultan-SU. Badiliko lenyewe ni dogo mno: enzimu inayoitwa ALS, ambayo ndio dawa inaishika, imebadilika umbo kidogo, dawa ni kama ufunguo wa zamani kwenye kitasa kipya, inaingia lakini haizungushi. Tena bila kuingiza jeni la kiumbe kingine.

Ninachotaka kusema ni kwamba kwetu sisi, mkoa wa Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe, tatizo letu kubwa sio kupulizia dawa juu ya lusini, nani ana hela ya kupulizia malisho. Tatizo letu ni malisho kuingia kwenye ardhi iliyotoka kwenye mahindi yaliyopigwa dawa. Huo ndio uvumilivu tunaouhitaji, wa masalia ya dawa za mahindi, kwenye fiwi, kwenye desmodi (nayo ni malisho ya jamii ya kunde), kwenye lusini. Nikisikia watu wanabishana GMO au sio GMO naona mjadala umeruka shamba la mkulima kabisa. Angel na Sultan-SU zinaonyesha kazi hiyo inawezekana kwa njia ya kawaida. Ila ujue mipaka yake: uvumilivu wa sulfonilurea haukukingi na atrazini, kila kundi la dawa lina mlango wake, kwa hiyo hata ungekuwa na Angel mkononi shamba lako la Mbozi lingeiunguza vile vile.

Kwa msimu huu hizo zilizoungua sana ziache, panda mahindi au mtama wa malisho kwenye kipande hicho maana vyote viwili vinavumilia atrazini, na fiwi zihamishie kwingine. Na kipimo ukisome kwenye lebo, ukizidisha unalipa mara mbili, dukani na msimu unaofuata.

SWALI: Kamwene! Mimi ni mwanafunzi wa kilimo kutoka Iringa, nasikia watu wanasema uzalishaji wa mbegu vumilivu ni kazi ya maabara kubwa za nje tu. Hivi mtu wa hapa anaweza kuanza kuchagua fiwi au desmodi inayovumilia dawa? Na je magugu nayo si yatazoea?

JIBU: Kamwene mdogo wangu, umenifurahisha kwa swali hili. Kuanza inawezekana, na sehemu kubwa ya kazi sio maabara, ni shamba, bomba lenye kipimo sahihi na mtu asiyechoka kuhesabu miche.

Kwanza ujue mmea wako unazaanaje. Fiwi kwa kiasi kikubwa inajichavusha yenyewe, kwa hiyo ukipata mche mmoja uliosalimika kweli, watoto wake watafanana nae na unaweza kuupandisha mstari peke yake. Lusini ni kinyume, inataka chavua ya mwenzake, ukiilazimisha kujichavusha inadhoofika, na ina seti nne za kromosomu, 32 jumla, kwa hiyo jeni zuri linaweza kujificha katikati ya manne. Kwa lusini unachagua kundi, miche kadhaa bora kila kizazi, unaiacha ichanganyikane mbali na lusini nyingine, unavuna, unapulizia tena. Ndicho walichofanya Florida kwenye klova.

Pili, kipimo cha kuchagulia. Ukipulizia kidogo, zote zinapona na hujachagua kitu, ukipulizia kingi zote zinakufa umebaki na trei tupu. Unaanza na trei ndogo kadhaa za kipimo tofauti, unatafuta kile kinachoua karibu zote. Na usidanganyike na mche uliopona kwa sababu ulikuwa umefunikwa na jani la jirani yake, huyo sio mvumilivu, hakufikiwa na dawa. Vuna mbegu zake pima tena.

Kama kwenye mbegu ulizonazo hakuna uvumilivu wowote, ndio unaingia kwenye kubadilisha kwa kemikali au mionzi. Hapo unahitaji maelfu ya mbegu, na kizazi cha kwanza usikipulizie, maana mche mmoja unakuwa na badiliko kwa vipande vipande, tawi hili linalo lile halina. Unavuna mbegu zake na kupulizia kizazi cha pili. Kemikali zenyewe ni hatari kwa binadamu, kazi hiyo ifanyike chuoni chini ya msimamizi, usijaribu nyumbani. Nenda TALIRI Uyole, taasisi ya utafiti wa mifugo, uwaulize wana akiba gani ya malisho ya jamii ya kunde, na TARI Uyole, ya utafiti wa kilimo, pale pale wana uzoefu wa miaka wa kuzalisha aina za maharage, Uyole 96 ni moja ya kazi zao. Kuchagua maharage yanayostahimili ugonjwa na kuchagua fiwi inayostahimili dawa ni ufundi mmoja. Mwisho wa safari aina mpya inapitia TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, kabla ya kuuzwa.

Kuhusu magugu, ndio, yatazoea, na hili ndilo linanitia wasiwasi kuliko lingine. Sulfonilurea ya kwanza, klorosulfuroni, ilianza kuuzwa 1982, na 1987 tayari Marekani wakaripoti magugu sugu. Glaifoseti ilidumu zaidi, gugu sugu la kwanza liliripotiwa Australia 1996, na tangu hapo yameongezeka nchi nyingi. Mmea vumilivu unamshawishi mkulima kupiga dawa ile ile kila msimu, na gugu moja lenye badiliko la asili ndio linabaki kuzaa peke yake. Kwa hiyo mbegu vumilivu bila kubadilisha makundi ya dawa na bila jembe kuingia kati ni kuzalisha magugu sugu kwa bidii.

Kuna mfano wa karibu unaonipa moyo. Kenya walitoa mahindi yanayovumilia dawa ya imazapiri, mojawapo ni Ua Kayongo, sio GMO, kwa ajili ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Hawapulizii shamba zima, mbegu yenyewe inapakwa dawa kidogo, kiduha kikijishika kwenye mzizi wa mahindi machanga kinakufa. Dawa inakuwa kidogo sana na iko pale tu inapotakiwa. Wanaochanganya na maharage inabidi waweke mbali kidogo na shimo la mahindi yasiumie. Na wengine wanapanda desmodi katikati ya mahindi, nayo mizizi yake inakizuia kiduha bila dawa yoyote, na desmodi hiyo hiyo inaliwa na ng'ombe. Kama nikichagua mmea mmoja wa kuanza nao uchaguzi huku kwetu ningeanza na desmodi, kwa sababu inakaa katikati ya mahindi na ndio inayokutana na dawa zake kila msimu.

SWALI: Niko Njombe, nina nusu ekari ya lusini na desmodi, magugu mengi ni sangari na mengine ya majani mapana. Kabla ya hizo mbegu za kuvumilia hazijaja, hakuna dawa yoyote ambayo kunde za kawaida zinavumilia?

JIBU: Zipo. Kwa sangari na nyasi nyingine kuna dawa zinazoua nyasi tu, kama fluazifopu, haloksifopu na kletodimu. Zinaziba enzimu ya kutengeneza mafuta ya mmea, na ile ya mimea ya majani mapana haishikwi nazo, kwa hiyo lusini inabaki. Piga sangari ikiwa changa na inakua, ikiwa imekauka kwa jua haisaidii. Ndago haifi kwa hizi, sio nyasi ile.

Kwa majani mapana kuna bentazoni, na kuna 2,4-DB ambayo naipenda kwa akili iliyoko ndani yake. 2,4-DB yenyewe sio sumu kali, inakuwa sumu mmea ukiikata ikawa 2,4-D. Magugu mengi yanaikata haraka na kujiua, lusini na klova hazifanyi hivo upesi, kwa hiyo zinapona. Aliyeligundua hilo ni R. L. Wain wa Chuo cha Wye, Uingereza, miaka ya 1950. Tafadhali herufi moja hiyo ya B uiangalie mara mbili, ukinunua 2,4-D ya mahindi ukafikiri ni hiyo, lusini yako yote inajipinda.

Kabla ya kununua angalia lebo kama ina namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya viuatilifu, na kama inataja lusini au malisho ya kunde. Dawa iliyoandikwa maharage tu usidhani inaruhusu malisho, maana maharage tunakula punje na malisho ng'ombe anakula jani lenyewe lililopigwa. Na ukiona nyuzi za njano zinatambaa juu ya lusini, hiyo ni mlangamia, hakuna cha kusubiri, kata pamoja na lusini iliyoshikwa mpaka chini, toa nje ya shamba uchome kabla haijatoa mbegu.

SWALI: Mimi mama wa Mafinga. Kijana wa kazi amepulizia dawa ya magugu kwenye kipande cha shamba chenye desmodi na magugu, jioni amekata yote kampa ng'ombe anaekamuliwa. Nifanyeje?

JIBU: Pole mama. Leo hii acha kabisa kumpa majani ya kipande hicho, mpe malisho ya mahali pengine na maji mengi. Tafuta kopo la dawa usome jina la kiambato na sehemu inayosema siku ngapi kabla ya kulisha mifugo, kila dawa ina siku zake, nyingine chache, nyingine wiki kadhaa. Mpigie daktari wa mifugo umtajie jina hilo na kiasi alichokula, yeye ndio atakuambia maziwa yamwagwe kwa siku ngapi. Mpaka hapo usiuze na usiwape watoto, wala usiyachanganye kwenye dumu la kupeleka kituo cha maziwa. Mwangalie kama anatoa mate mengi, anatetemeka, anaharisha au hataki kula, ukiona moja ya hayo usingoje asubuhi.

Na kingine ambacho wengi hawakijui: magugu yenye sumu yakishapigwa dawa na kuanza kunyauka, mengine yanageuka ladha na ng'ombe anayala wakati siku zote alikuwa anayakwepa. Kwa hiyo hata siku za kwenye lebo zikiisha, kagua kwanza kipande chote, magugu usiyoyajua yang'olewe yatupwe, ndio umruhusu kijana akate tena.